Spika Alizozichagua Mama Mkwe

Mume wangu alipofungua ukumbi wa video nyuma ya nyumba yetu, pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, alifikiria kila kitu isipokuwa mabati. Alifikiria mabenchi, akamwambia seremala ayatengeneze marefu ili watu wabanane. Alifikiria mapazia ya kuziba mwanga, nikayashona mimi kwa kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule. Alifikiria hata misumari ya kutundikia makoti yaliyolowa. Lakini juu aliweka mabati matupu bila dari, na Tukuyu mvua ikishaingia huwa haina haraka ya kuondoka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na vitu vikaanza kuonekana tena madukani: sabuni za rangi, redio za kaseti, kandambili za kila namna. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la chai, na huko alikopita alikuwa ameona watu wakijipanga kwenye kumbi za video. Akatafuta deki na televisheni, akazipata kwa mtu aliyerudi kutoka ng'ambo. Kituo cha televisheni Tanzania Bara hakikuwepo bado. Kwa watu wengi wa kwetu, lile sanduku lilikuwa jambo la kuja kuliona hata kama limezimwa.

Siku za jua mambo yalikwenda vizuri. Mvua ikianza, mabati yalipiga kelele mpaka ukawaona watu kwenye sinema wanafungua midomo na kuifunga kama samaki. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya mama mkwe wangu.

Mama mkwe alikuwa mkulima wa ndizi Kinyala. Siku za soko alishuka na mikungu yake, na akishauza aliingia ukumbini bila kulipa, kwa haki ya uzazi, akakaa mbele kabisa kwenye kigoda alichokuja nacho. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji, na Kihindi ndiyo usiseme. Lakini alikuwa na macho, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake aliye upande wa pili wa bonde. Kiswahili chake kilikuwa cha Kinyakyusa kitupu, kila kizuri kwake kilikuwa "kisuri", na sitajaribu kukiandika chote kama alivyokitamka. Akiangalia picha kidogo tu, alianza kuwaeleza watu.

"Huyu mwenye masharubu ni mjomba wa binti," alisema. "Hamtaki kijana. Mnaona anavyomwangalia? Tatizo hapo ni shamba."

Sinema zote kwake zilikuwa na tatizo la shamba. Kama si shamba, basi mahari. Kama si mahari, kuna ndugu aliyehama na ng'ombe wa wenzake. Wachina waliporuka hewani wakipigana mateke, alituambia wanagombania mpaka, na kwamba yule mzee mwenye ndevu nyeupe ndiye anayeujua mpaka halisi, ndiyo maana wote wanataka kumuua. Wahindi walipoanza kuimba milimani alisema, "Haya, mahari imekubaliwa," na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Mvua haikumshinda. Alipandisha sauti kidogo tu, akaendelea. Watu wa Bagamoyo, na wakulima waliokuja kutoka Suma na kwingineko, wakamzoea.

Mume wangu ndiye aliyeona aibu. Kwenye miji mikubwa alikuwa amesikia sinema zenye sauti ya kutetemesha kifua, mziki mnene, bunduki ikilia unainama. Kwake kuna televisheni yenye spika ya ukubwa wa sahani ya chai, na mama yake.

"Mama anaharibu sinema," aliniambia tukiwa tunakula. "Yule askari wa juzi alikuwa anatafuta almasi. Mama amewaambia watu anatafuta mbolea."

"Watu walifurahi," nikasema.

"Walifurahi kwa sababu hawakusikia. Nataka spika. Siyo hizi za kuweka mezani. Spika za kusimama chini, ndefu, zenye besi. Mvua inyeshe itakavyo."

Mama mkwe akapata habari za safari ya Mbeya kabla hatujamwambia. Siku ya kuondoka tulimkuta tayari yuko kwenye lori, amevaa vitenge vya kanisani, mwavuli mapajani.

"Mnakwenda kununua kelele bila mimi?" akauliza.

Duka tulilolifikia Mbeya lilikuwa la mzee mmoja ambaye ukoo wake ulitoka pwani, mpole, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, anayeongea kana kwamba kila neno limepigwa pasi. Alitukaribisha, akamuuliza mama mkwe hali ya nyumbani, ya mashamba na ya wajukuu, na ndipo akamgeukia mume wangu kumuuliza anataka nini. Mume wangu akasema anataka spika zitakazoishinda mvua ya Tukuyu.

"Mvua ya Tukuyu naijua," yule mzee akasema. "Nilikwenda huko kwenye harusi. Mpaka leo sijui mawaidha yalisema nini."

Alikuwa na jozi tatu za spika za kusimama. Jozi ya kwanza ilimfikia mume wangu kifuani. Ilikuwa na milango ya kioo na taa nyekundu na kijani zilizocheza kufuata muziki. Mume wangu alipoziona alivua kofia. Jozi ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba, imesimama kama wachumba wanaosubiri kupigwa picha. Ya tatu ilikuwa mbao nyeusi tu, nzito, kila spika na macho matatu yaliyofunikwa kitambaa, na kona moja imekwaruzika.

"Hizi zenye taa ndizo," mume wangu akasema kabla hata hazijalia.

"Zinapendeza," yule mzee akakubali. "Lakini bwana, taa zile zinacheza kwa ajili ya macho. Wewe umesema unagombana na mvua." Akachukua kipaza sauti, akasema "moja, mbili" ndani ya spika, kisha akaweka kanda ya muziki wa dansi.

Sauti ilijaa duka. Mume wangu akafumba macho kwa raha. Mimi nilitazama jinsi kioo kilivyokuwa kinatikisika, nikajiuliza vumbi lake litafutwa na nani. Mama mkwe akasimama.

"Hapa hakuna mvua," akasema. "Mtajuaje? Mimi nitasimama ng'ambo ya barabara, pale kwenye duka la dawa. Nitamwita mke wa mwanangu. Akinisikia, spika hizo hazifai."

Tulifikiri anatania. Alikwisha kuvuka.

Yule mzee akaongeza sauti ya spika za taa mpaka nikasikia besi tumboni. Na juu ya muziki wote ule, kutoka ng'ambo, ikaja sauti ya mama mkwe, safi kabisa:

"Weee, mke wa mwanangu! Kuku umewafungia?"

"Nimewafungia, mama!" nikajibu, maana ningefanyaje?

"Na ile sketi yako ya ndani uliyoianika nyuma ya choo, umeianua? Mvua itainyeshea tena!"

Watu wakasimama barabarani. Mwenye baiskeli akashuka. Yule mzee wa duka akajifanya anatafuta kitu chini ya meza, na mume wangu akaenda mwenyewe kuzima spika zenye taa.

Zile za fedha zilifika nusu ya sauti tu, zikaanza kukoroma kama chura mwenye mafua. Mama mkwe aliniuliza kama mume wangu bado anasumbuliwa na tumbo, na barabara nzima ikapata habari. Kufikia hapo watu walikuwa wamegawanyika: wengine wakishangilia spika, wengi wakimshangilia bibi.

Kisha mzee akawasha zile nyeusi. Hazikupiga kelele mwanzoni. Besi yake ilitoka chini, kwenye sakafu, ikapanda miguuni. Akaongeza. Kalenda ikadondoka ukutani. Akaongeza tena, na muziki ukabaki muziki, kila ala ikisikika peke yake, haukukwaruza hata kidogo. Nikatazama ng'ambo. Mama mkwe alikuwa anafungua mdomo, anainua mkono, ananyoosha kidole kwangu, anashika kiuno, anatikisa kichwa. Aliongea kwa muda mrefu kweli. Sikusikia hata neno. Nilimpungia mkono.

Alirudi akiwa ametokwa jasho, uso umekunjuka, anang'aa.

"Hizi," akasema, akiipigapiga ile mbao nyeusi kama mtu anayemkagua ndama. "Hizi ndizo. Sijawahi kushindwa, leo nimeshindwa. Ndaga fijo, asante sana, mwenye duka."

Mume wangu aliziangalia zile zenye taa kama mtu anayemwacha mtu kituoni, kisha akakubali. Tukanunua nyeusi na amplifaya yake.

Mvua ilitukuta hata kabla hatujaanza kuteremka kuelekea Tukuyu. Spika haziruhusiwi kulowa, kwa hiyo zilipanda mbele kwa dereva, mwenzake mume wangu, na mama mkwe akakaa katikati ya zile spika kuzishikilia. Mimi na mume wangu tulikaa nyuma chini ya turubai, tumelikumbatia gurudumu la akiba. Tuliposimama kunyoosha miguu nikamsogelea mama mkwe.

"Mama, pale ng'ambo mwishoni ulikuwa unaniambia nini?"

"Mambo yangu yote niliyokuwekea tangu umeolewa," akasema, bila hasira yoyote. "Jinsi unavyopika maharage. Habari ya kile kitenge changu. Dada yako. Nimeyasema yote, nimejisikia mwepesi."

"Lakini mimi sikusikia."

"Ndiyo, nimeona. Vizuri zaidi."

Kwa wiki nzima spika zilikaa sebuleni kwangu zikisubiri nyaya. Kwa kuwa zilikuwa za kusimama na juu yake pana nafasi, nilizitandikia vitambaa vya kufuma na kuweka chupa ya maua ya plastiki juu ya kila moja. Mume wangu alipozijaribu, chupa zilitembea zenyewe mpaka ukingoni, zikaruka. Tangu siku hiyo hatukubishana kuhusu vitambaa.

Siku ya kwanza ya maonyesho mvua ilikuja kama vile imealikwa. Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Sinema ilikuwa ya vita, na bomu la kwanza lilipolipuka, waliokaa benchi la mbele walihamia la nyuma kwa pamoja. Udongo ulidondoka kutoka ukutani. Mvua haikusikika kabisa, hata ungedhani jua linawaka. Watu wakapiga makofi, na mume wangu akasimama mlangoni amekunja mikono kifuani, uso wa mtu aliyejenga kanisa.

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda chake. Akaanza: "Huyu mwenye kofia ya chuma…" Hakuna aliyesikia. Akapandisha sauti. Mume wangu, akidhani watu wanapiga soga, akaongeza spika. Mama mkwe akasimama mbele ya televisheni aeleze kwa mikono, akachora shamba hewani, akaonyesha mahali mto ulipopita. "Kaa chini, bibi!" watu wakapiga kelele, wale wale aliowalea kwa hadithi zake. Akachukua kigoda, akachukua mwavuli, akapita katikati ya mabenchi kichwa juu, akaenda kupanda gari la kurudi Kinyala. Hakuniaga hata mimi.

Siku za soko zikapita, haji. Tukatuma salamu, zikarudi salamu fupi. Na ukumbini mambo yakaanza kuharibika taratibu. Sauti ilikuwa safi, Kiingereza kilitoka wazi kila neno, na hapo ndipo kila mtu alipogundua kwamba haelewi kitu. Zamani walikuwa wanasingizia mvua. Sasa walikaa wakinong'onezana.

"Yule mwenye koti ni nani yake?"

"Baba yake, nadhani."

"Baba gani anambusu hivyo?"

Mabenchi yakaanza kuonyesha mbao. Mume wangu akasema watu wanauzoea mziki mnene polepole, wape muda. Akasogeza spika, moja kona ile, nyingine kona hii, akazigeuza zitazamane, akazipandisha juu ya matofali, akazishusha. Mpaka siku moja mkulima wa chai kutoka Suma, mteja wetu wa siku nyingi, akaja kwenye baraza ninaposhonea.

"Mama," akaniambia, "mimi nilikuwa nakuja kwa ajili ya sinema ya bibi. Hii ya Wazungu siijui inahusu nini. Tafadhali mrudisheni."

Tukaenda Kinyala, mimi na mume wangu, tumebeba sukari na kipande cha kitenge kipya. Tulimkuta mama mkwe nje ya jiko anamenya ndizi. Mume wangu akachuchumaa, akamwamkia kwa adabu zote. Akaitikia, macho yapo kwenye ndizi.

"Mama, tumekuja kukuomba urudi. Watu wanakuulizia."

"Wananiulizia mimi? Si wana spika?"

"Mama, spika ulizichagua mwenyewe."

"Ndicho kinachoniuma," akasema, akatupa ganda. "Mwe bandu, enyi watu! Mtu anapelekwa mpaka Mbeya kwenda kuchagua kitu cha kumnyamazisha, na anakichagua vizuri!"

Mume wangu aliinama. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilifikiri analia, nikamgusa, kumbe anacheka na anajitahidi asionekane. Mama mkwe naye alimwona. Akajikaza, akashindwa, wakacheka wote wawili mpaka kisu kikaanguka. Alipojifuta machozi akatoa masharti yake. Hataongea tena kwa kupiga kelele, umri umekwenda. Anataka kile kijiti alichokishika mwenye duka Mbeya, kile cha "moja, mbili".

Ndivyo mama mkwe alivyopata kipaza sauti. Siku ya kwanza alipokishika kilipiga mluzi mkali mpaka watu wakaziba masikio. "Nyamaza, mimi ndiye ninayeongea," akakiambia, na mume wangu akawahi kukisogeza mbali na spika, kikanyamaza. Sinema tukaishusha mpaka ikawa minong'ono. Halafu zile spika nyeusi, zilizonunuliwa kwa ajili ya mabomu na farasi, zikamtoa mama mkwe. Sauti yake ilitoka chini kwenye sakafu, ikapanda miguuni. Unamsikia hata akimeza mate.

"Huyu," ukumbi ukaambiwa, "ni shemeji. Msimwamini."

Watu wakarudi. Waliolazimika kusimama walisimama. Nilidhani mambo yameisha, kumbe tulikuwa tumesahau kitu kimoja: spika zinazoweza kuishinda mvua haziwezi kuzuiwa na ukuta wa matofali mabichi. Siku moja akaja jirani yetu, fundi wa kushona viatu, Mwislamu aliyezaliwa Tukuyu na wazazi waliotoka pwani, mtu mstaarabu sana. Nikajua amekuja kulalamika kuhusu kelele, nikamwekea kiti.

"Shemeji," akasema, "naomba kuuliza. Jana nilikwenda kuswali, nikakosa mwisho. Yule binti aliyefungiwa ghalani, alitoka?"

Nikatoka nje kutazama. Baraza lake lilikuwa limejaa watu. Baraza la muuza chumvi vilevile. Wanawake walikuwa wamekaa ukingo mzima wa barabara wanachambua mchicha na kusikiliza, na wengine niliwatambua kuwa ni wateja wetu wa benchi la mbele. Ndani ya ukumbi, mama mkwe alikuwa anawahutubia watu wachache ambao nadhani waliingia kwa sababu ya mvua.

Mume wangu alikaa kwenye ngazi ameshika kichwa. Alitaka kupunguza sauti, lakini akipunguza, mvua ndiyo inayosikika. Alitaka kuweka dari, nayo ilikuwa kazi ya kiangazi. Mama mkwe alimsikiliza, akaingia ndani, akachukua kipaza sauti. Sinema ilikuwa imefika mahali ambapo kijana ameingia nyumbani kwa adui yake, amefungua mlango wa chumba.

"Anafungua," spika zikasema, na Bagamoyo yote ikatulia. "Amefungua. Anaona… mwe! Anaona kitu kitandani." Akanyamaza. Ikanyamaza mitaa yote. "Jamani, hili siwezi kuwaambia watu walioko barabarani. Walioko ndani angalieni wenyewe."

Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu. Mabaraza yaliondokewa na watu mara moja. Wanawake waliinuka na mchicha wao. Muuza chumvi aliacha mizani inaning'inia. Fundi wa viatu alipita mbele ya cherehani yangu mbio, nyundo mkononi, kiatu cha mtu kimevalishwa mkono mwingine, akamsukumia mume wangu kiingilio bila kusimama. Ndani ya chumba cha sinema kitandani palikuwa na paka.

Hakuna aliyedai kurudishiwa hela. Walibaki mpaka mwisho, na siku iliyofuata wakarudi kukaa barabarani, na mama mkwe akawasubirisha mpaka mahali pazuri, akawanyamazia tena. Ikawa ndiyo biashara yetu. Alijua kupima. Aliwapa watu wa nje mwanzo wote, ndugu, shamba na ugomvi, kisha akauma maneno.

Ukumbi ule uliendelea mpaka televisheni zilipoingia majumbani na vituo vikafunguliwa. Kabla ya hapo mume wangu alikwisha kuweka dari, na kwa kweli haikusaidia chochote. Mama mkwe alirudi Kinyala kwenye ndizi zake kwa hiari yake, akisema sinema mpya watu wake hawana mashamba. Spika tuliwapa kwaya ya kanisa la kwao Kinyala, watu wanne wakazibeba kwa machela kama wagonjwa, mume wangu akitembea kando, akiwaambia wazishike chini, wasizishike kwenye kitambaa cha mbele. Mimi nikaachiwa ukumbi, ukawa chumba changu kikubwa cha kushonea, nikaweka mashine tatu karibu na dirisha.